Mama katolewa goita, sasa mikono inakakamaa na midomo inakufa ganzi, maziwa na dagaa havisaidii. Naombeni ufafanuzi

MwanaMakambako

Habari zenu wakuu, naomba msaada maana hapa nyumbani tumechanganyikiwa. Mama yangu ana miaka hamsini na kitu, alikuwa na goita ya siku nyingi, ile ya kuonekana hata akijifunga mtandio shingoni, mwaka huu ikaanza kumbana pumzi akilala chali ndo tukakubali afanyiwe oparesheni. Imetolewa yote pande zote mbili, kidonda kimepona vizuri, sauti haijabadilika, tukamshukuru Mungu. Shida imeanza baada ya kuruhusiwa. Mara anasema kuzunguka mdomo pamekufa ganzi, mara ncha za vidole zinachomachoma, usiku misuli ya miguu inabana mpaka analia. Jana ndo ikawa mbaya zaidi, vidole vya mikono yote miwili vimenyooka vimeshikana, gumba limeingia ndani, kiganja kimekunjika kwenye kifundo na hakifunguki hata ukivuta. Majirani wengine wakasema ni stroku, wengine kuna mtu kamchezea, basi ikawa vurugu, huyu analeta maji ya baraka yule anataka asuguliwe mafuta.

Kituo cha afya cha karibu walisema kalsiamu imeshuka, wakampa vidonge vya kalsiamu na kumwambia anywe maziwa kwa wingi ale na dagaa. Tumefanya hivyo, maziwa asubuhi na jioni, dagaa kila siku, akapata nafuu kidogo halafu ikarudi. Ninachotaka kuelewa ni hivi, goita iko shingoni, kalsiamu ni mambo ya mifupa, vinahusiana vipi? Na kama kalsiamu inatoka kwenye chakula mbona anakula na bado inashuka? Atakuwa hivi maisha yote? Asubuhi akiamka anameza kwa pamoja kidonge cha thairoidi, cha kalsiamu na omeprazoli maana ana vidonda vya tumbo vya zamani, nalisema hili kama linahusika. Mwenye uelewa aniandikie kwa lugha ya kawaida, nitamsomea na mama mwenyewe.

NesiZamuYaUsiku

Pole sana ndugu yangu na mpe pole mama. Kabla hujaendelea kusoma ya wengine, mpeleke hospitali leo hii, siyo kesho, tena iwe hospitali yenye maabara ya kupima kalsiamu na yenye wodi. Mkono kukakamaa namna hiyo maana yake kalsiamu imeshuka sana. Siyo stroku na wala hakuna mtu aliyemfanyia kitu. Stroku mara nyingi inalegeza upande mmoja, hii inakaza pande zote mbili na mgonjwa ana akili zake timamu anakuonyesha mwenyewe ganzi iko wapi. Sisi wodini tukiwa na wasiwasi tunamfunga ule mkanda wa kupimia presha mkononi, tunaujaza hewa kupita presha yake na kuuacha dakika tatu, kama kalsiamu iko chini mkono unajikunja wenyewe hivyo hivyo ulivyoeleza.

Kinachotutisha siyo mkono, ni koo na moyo. Misuli ya kwenye njia ya hewa ikibana kama ilivyobana mikono mgonjwa anavuta pumzi kwa mlio na anaweza kukosa hewa kabisa, moyo nao unaweza kuvurugika mapigo, na wengine wanapata degedege wanaanzishiwa dawa za kifafa kumbe shida ni kalsiamu. Ukisikia anavuta hewa kwa mlio, sauti imekata ghafla au amezimia, hapo ni kutafuta gari muda huo huo usiku au mchana.

Wakimpokea watampa kalsiamu ya kwenye mshipa, inaingizwa pole pole kama dakika kumi huku moyo unaangaliwa kwa ECG, ile mashine ya kusoma mapigo ya moyo, halafu mara nyingi inafuatia dripu. Tafadhali sana msikubali mtu wa duka la dawa aje kumchoma nyumbani, ikiingia kwa kasi inaweza kusimamisha moyo na ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Waombe wapime na magnesiamu. Nendeni na karatasi aliyoruhusiwa nayo pamoja na dawa zote anazotumia, zote kabisa, hata za kienyeji kama zipo.

Tabibu_wa_Kanda

Nesi kamaliza la haraka, fuateni hilo kwanza. Mimi nijibu la kwa nini, na nitaandika kwa urefu maana hili swali la kalsiamu na shingo linaulizwa sana kliniki na mara nyingi mgonjwa anaondoka na jibu la "kunywa maziwa" basi.

Nyuma ya tezi ya thairoidi, yaani hiyo inayovimba ikawa goita, kuna tezi nyingine ndogo nne, mbili kila upande, kila moja haizidi punje ya mchele. Zinaitwa parathairoidi. Kikazi hazihusiani na thairoidi hata kidogo, zimekaa jirani tu na zinanyonya damu kwenye mishipa ile ile. Rangi yake inafanana na mafuta yanayozizunguka kwa hiyo hata daktari wa upasuaji mwenye uzoefu anazitafuta kwa makini, na goita ikiwa kubwa ya miaka mingi inakuwa imezisukuma au kuzikandamiza zisikokaa kawaida. Katika kutoa goita zinaweza kuguswa zikashtuka, zikakosa damu, au nyingine ikatoka pamoja na nyama ya goita. Hii inaweza kutokea hata kwa daktari mzuri, kwa hiyo usiondoke hapa ukiamini lazima kuna uzembe.

Jinsi zilivyo ndogo, wanasayansi walichelewa sana kuziona. Mwingereza Richard Owen aliziona kwanza kwenye mzoga wa faru aliyefia bustani ya wanyama ya London katikati ya karne ya 19, kwa binadamu zikaja kuelezwa mwaka 1880 na kijana aliyekuwa bado anasomea udaktari Uppsala kule Sweden, Ivar Sandström, na wakati huo hakuna aliyejua kazi yake. Madaktari wa Ulaya waliotoa goita zama hizo walikuwa wanaona wagonjwa wanakakamaa kama mama yako na wengine wanakufa bila kujua sababu. Mwaka 1909 ndipo MacCallum na Voegtlin kule Marekani walipoonyesha kwamba mbwa aliyetolewa tezi hizo akaanza kukakamaa, ukimpa kalsiamu anatulia. Kwa hiyo anachopitia mama kina historia ndefu na kinaeleweka vizuri.

Sasa kazi yake. Mtu mzima ana kalsiamu kama kilo moja mwilini, asilimia 99 iko kwenye mifupa na meno. Hicho kidogo kilichobaki, hasa kilichoko kwenye damu, ndicho kinachoendesha neva, misuli, moyo na damu kuganda, na mwili hautaki kiwango chake kiongezeke wala kishuke, unakiweka kati ya 2.1 na 2.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, maabara nyingine zinaandika 8.5 hadi 10.5 kwa miligramu, ni kitu kile kile. Ikishuka neva zinakuwa nyepesi mno, zinajipiga zenyewe bila kuamriwa, ndo hiyo michomo ya vidole na misuli kukaza. Tezi hizi nne zina kihisi chake chenyewe kinachoonja kalsiamu ya damu muda wote, ikipungua kidogo tu zinamwaga homoni inayoitwa PTH ndani ya sekunde na dakika, ikitosha zinatulia.

PTH ikimwagwa inafanya mambo matatu. Inatoa kalsiamu kidogo kwenye mifupa na kuileta kwenye damu. Inaziamuru figo zisiitupe kalsiamu kwenye mkojo na badala yake zitupe fosfeti, madini mengine yanayotoka kwenye chakula. La tatu, ambalo ndilo jibu la swali lako la maziwa, inaziambia figo ziamshe vitamini D. Vitamini D tunayopata kwa jua au chakula haifanyi kazi ikiwa mbichi, inapita kwenye ini halafu inamaliziwa kwenye figo, na hiyo iliyomaliziwa ndiyo inayofungua utumbo upokee kalsiamu. PTH ikikosekana, figo haziamshi vitamini D ya kutosha, utumbo unapokea kidogo sana, na hata hicho kidogo kikifika kwenye damu kinavujia kwenye mkojo. Ndiyo maana mama anakula kweli na bado iko chini. Tena maziwa na dagaa vina fosfeti nyingi, na huyu figo zake zimeshindwa kuitupa hiyo fosfeti, inapanda na kuibana kalsiamu iliyopo. Simaanishi ni sumu, anywe chai yake ya maziwa kama kawaida, ila kumlazimisha lita kwa lita hakumsaidii na kunaweza kumrudisha nyuma.

Anachohitaji ni vitu viwili kwa pamoja, vidonge vya kalsiamu kwa dozi ya kutosha iliyogawanywa kwa siku, na vitamini D ambayo imeshaamshwa tayari, majina utakayoona ni alfakalsidoli au kalsitrioli. Hii ya pili ndiyo mara nyingi inasahaulika vituo vidogo. Vitamini D ya kawaida inaweza kuongezwa lakini peke yake haitoshi kwa mtu asiye na PTH, kwa sababu bado inasubiri figo iamriwe na mwenye kuamuru hayupo.

Kuhusu omeprazoli, umefanya vizuri kutaja. Kalsiamu ya kabonati, ambayo ndiyo ipo kwenye maduka mengi, inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na omeprazoli inaondoa asidi. Imezwe pamoja na chakula. Omeprazoli ya muda mrefu pia inaweza kushusha magnesiamu, na magnesiamu ikiwa chini tezi zinashindwa kutoa PTH hata kama ni nzima, unaweza kumjaza mtu kalsiamu wiki nzima haipandi mpaka magnesiamu irekebishwe. Na kalsiamu ikimezwa pamoja na kidonge cha thairoidi inakizuia kisinyonywe. Asubuhi moja hiyo ya mama imeharibu dawa mbili kwa mpigo. Aache mara moja kuvimeza pamoja, ila asiache dawa yoyote mpaka daktari aone.

Je ni maisha? Wengi hapana. Tezi zilizoshtuka huamka ndani ya wiki au miezi. Ikipita miezi sita na hasa mwaka PTH bado haipo, hapo tunasema ni ya kudumu na mtu anaishi na dawa. Kalsiamu mara nyingi inafika chini kabisa siku ya pili hadi ya nne baada ya oparesheni, na siku hizo wagonjwa wengi wameshafika nyumbani, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mtu anaruhusiwa bila kuambiwa neno moja kuhusu ganzi ya mdomo.

Mkulima_Molo

Thank you sana Tabibu, hii nimeisoma yote. Wacha niweke pia ile side ingine maana kwetu ilikuwa kinyume, kalsiamu ilikuwa imepanda na hakuna mtu alijua. Auntie yangu alikuwa anasumbuliwa na mawe kwa figo, yakitolewa yanarudi, tena yanarudi. Pamoja na hiyo alikuwa na kiu ya ajabu, anaamka usiku mara nyingi kukojoa, choo hakipatikani, mifupa inauma, tumbo inauma, na akaanza kusahau mambo ya juzi na kukaa tu kimya, mtu aliyekuwa anaongoza chama ya akina mama. Tukazungushwa hospitali moja miaka, wanasema ni ulcers, baadaye wanasema ni stress juu mzee wake alikuwa ameaga. Chemist akamuuzia vidonge vya kalsiamu za mifupa na akawa anameza kila siku.

Iliyosaidia ni daktari mmoja mdogo wa facility ingine akaangalia hiyo orodha ya mawe akauliza, huyu mama kalsiamu yake ilipimwa lini? Haikuwa imewahi kupimwa. Ikapimwa ikatoka juu sana, ikarudiwa, ikatoka juu tena, wakapima hiyo PTH yenu nayo ikawa juu. Wakafanya scan ya shingo wakapata moja ya hizo tezi nne imekuwa kubwa, ikatolewa. Sasa hivi kichwa yake imerudi, anasimamia mkutano. Kwa hivyo naomba mtu asinunulie mamake kalsiamu juu tu magoti inauma, pimeni kwanza.

Swali yangu kwa Tabibu, baada ya kutolewa ile tezi Auntie pia alipata hiyo ganzi ya mdomo kwa siku kadhaa. Kama tatizo ilikuwa kalsiamu nyingi, ilishuka aje tena?

Tabibu_wa_Kanda

Asante kwa kuleta hili, na nimefurahi sana kwa Auntie. Tezi moja ikivimba na kumwaga PTH bila kusikiliza, kalsiamu inapanda na zile tatu nzima zinanyamaza kwa sababu kihisi chao kinaona imejaa. Ukiitoa mbaya, zile tatu zinachukua siku kadhaa kuamka. Na mifupa iliyokuwa inanyang'anywa kwa miaka inaanza kuivuta kalsiamu kwa nguvu kujijenga. Kwa hiyo kushuka kwa muda kunatarajiwa, na anayejua anampa mgonjwa kalsiamu mapema.

Ugonjwa huu unawapata zaidi wanawake waliopita miaka 50, na kwa wagonjwa zaidi ya wanane kati ya kumi ni tezi moja tu yenye uvimbe usio saratani. Umesema mifupa, basi nikupe kisa ambacho huwa nawasimulia wanafunzi. Vienna mwaka 1925 kulikuwa na mfanyakazi wa tramu, Albert Jahne, mifupa imeoza kwa maumivu, anavunjika bila sababu, hatembei. Daktari wake Felix Mandl alifikiri kama wengi wa wakati ule kwamba mifupa inaharibika kwa kukosa parathairoidi, akampandikizia tezi kutoka kwa mtu aliyekufa ajalini. Haikusaidia kitu. Mandl akaamua kugeuza wazo zima, akafungua shingo, akakuta uvimbe kwenye tezi moja, akautoa, na yule mtu akaanza kupata nafuu na mifupa ikaanza kuimarika. Kwa hiyo mfupa unaoyeyuka siyo lazima mwili uwe na upungufu wa kalsiamu, inawezekana kalsiamu yote inahamishiwa kwenye damu na kwenye mkojo, na ukimwongezea vidonge unayajenga mawe ya figo.

Kwa anayesoma majibu ya maabara, angalieni kalsiamu na PTH kwa pamoja, moja bila nyingine haisemi mengi. Kalsiamu juu na PTH juu, au PTH inayoitwa "kawaida" wakati ilitakiwa iwe imezimika, tafuta tezi. Kalsiamu juu na PTH chini, tezi zinafanya kazi yake sawasawa na tatizo liko kwingine, hapo tunatafuta saratani, TB, au mtu aliyezidisha vitamini D. Dawa za presha za kundi la thayazidi nazo huipandisha kidogo. Na kalsiamu chini PTH chini ndiyo ya mama wa Makambako. Msisahau pia albumini, protini ya damu inayobeba sehemu ya kalsiamu, mgonjwa aliyekonda au mwenye ini bovu albumini yake iko chini na kalsiamu ya jumla inaonekana imeshuka wakati ile inayofanya kazi ni nzima.

BintMalindi_Muscat

Assalaam alaykum jamani. Mie nipo Muscat, kwetu Unguja, nimesoma hapa nikaona nami niulize. Nna maumivu ya mifupa, mapaja mazito kupanda ngazi, nikapimwa, kalsiamu ikaja nzuri lakini PTH ipo juu na vitamini D ipo chini kabisa. Daktari kaniandikia vitamini D ya kumeza kila wiki. Sasa nilivyosoma ya yule Auntie nimeingia khofu, na mie nna uvimbe? Halafu jua la huku wallahi linaunguza, vitamini D itakosekana vipi? Na dada yangu huko Unguja mtoto wake ana mwaka na nusu, miguu imepinda kwa nje, vifundo vya mikono vimevimba, bibi anasema atanyooka mwenyewe akikua.

Tabibu_wa_Kanda

Waalaykum salaam dada. Ondoa hofu, lako ni tofauti. Kwa Auntie tezi ilikuwa inapandisha kalsiamu bila sababu. Kwako vitamini D imeisha, utumbo haupokei vizuri, kalsiamu ikitaka kushuka tezi zinafanya kazi ya ziada kuishikilia pale pale, ndo maana inaonekana nzuri. Bei yake inalipwa na mifupa, na hiyo ndiyo maumivu na uzito wa mapaja. Ukijaza vitamini D, PTH inashuka yenyewe. Rudi upimwe baada ya miezi kama mitatu, na ikiwa vitamini D imepanda lakini PTH imebaki juu na kalsiamu nayo imeanza kupanda, hapo ndo waangalie tezi.

Jua kali halisaidii kama halifiki kwenye ngozi. Ghuba yote upungufu huu ni wa kawaida sana, watu wanatoka nyumba yenye AC kuingia gari yenye AC, nguo zimefunika mwili, na ngozi yetu nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kile kile.

Huyo mtoto asisubiriwe hata wiki moja. Matege yenye vifundo vya mikono vilivyovimba yananielekeza kwenye rikets, yaani mifupa ya mtoto kuwa laini, hasa kama amenyonya muda mrefu na anakaa ndani, maana maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno hata mama akiwa na afya. Apelekwe, apigwe eksirei ya kifundo cha mkono, apimwe kalsiamu, fosfeti na ile alkali fosfatezi, kipimo cha damu kinachopanda mifupa ikiwa na shida. Mtoto mwenye rikets anaweza kupata degedege la kalsiamu siku ya homa tu. Akitibiwa mapema, miguu inanyooka mingi yake bila kisu. Niongeze kwa wa Arusha na maeneo ya Meru mnaosoma hapa, miguu kupinda kwenu inaweza kuwa floridi ya maji, na floridi hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kwa hiyo taja unakonywa maji ukiwa kwa daktari.

MwanaMakambako

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Tulimpeleka siku ile ile hospitali ya rufaa. Kalsiamu ilikuwa 1.62, fosfeti juu, magnesiamu chini, PTH wamesema iko chini ya kiwango mashine inachoweza kusoma. Nesi umeokoa mtu, walipofunga mkanda wa presha mkono ukajikunja mbele yetu sote na yule mjomba aliyekuwa anasema karogwa akanyamaza. Kawekewa ya mshipani, baadaye dripu na magnesiamu, ganzi ilianza kuachia siku hiyo hiyo. Sasa karuhusiwa na alfakalsidoli, kalsiamu mara tatu kwa siku, magnesiamu na kidonge cha thairoidi, omeprazoli wameisimamisha wakampa dawa nyingine ya tumbo. Anarudi kupimwa wiki ijayo.

Ninaomba mpangilio wa kumeza kwa saa, maana walituandikia tu mara ngapi. Na daktari amesema hataki kalsiamu ipande mpaka katikati ya kawaida, anataka ikae huku chini chini. Hili sijaelewa, si bora ijae?

Tabibu_wa_Kanda

Mungu ni mwema, hongereni kwa kuwahi. Daktari wenu yuko sahihi kabisa. Kumbuka PTH ndiyo ilikuwa inazuia kalsiamu isimwagikie kwenye mkojo. Mama hana, kwa hiyo kadiri unavyoijaza damu ndivyo figo zinavyopitisha kalsiamu nyingi zaidi kwenye mkojo, mkiipeleka juu anaishia na mawe na figo zilizochoka. Lengo ni iwe ya kutosha asipate ganzi wala mkazo, karibu na mpaka wa chini wa kawaida, basi. Watapima pia kalsiamu ya mkojo wa saa 24 siku za mbele, msikatae hata kama ni usumbufu wa kubeba dumu.

Mpangilio, muulize daktari wake authibitishe, ila kwa kawaida huwa hivi. Kidonge cha thairoidi alfajiri tumbo tupu kwa maji matupu, asipoweza kusubiri muda mrefu kabla ya chai basi angalau nusu saa. Kalsiamu iwe masaa manne mbali na hicho, kwa hiyo ya kwanza ipangwe na chakula cha mchana, ya pili na chakula cha jioni, ya tatu kabla ya kulala na kitu kidogo cha kula. Alfakalsidoli haina masharti makali. Vidonge vya damu vyenye chuma akiandikiwa navyo vikae mbali na kalsiamu na mbali na thairoidi.

Zingatia pande mbili. Ganzi ya mdomo ikianza ni kalsiamu kushuka. Kiu nyingi, mkojo mwingi, kichefuchefu, choo kigumu na kusinzia au kuchanganyikiwa ni kupanda, na alfakalsidoli inaweza kuipandisha tezi zake zikianza kuamka huku dozi ni ile ile, kwa hiyo kliniki za mwanzo za kila wiki zina maana kubwa. Kama miezi itapita na PTH haijarudi, macho yakaguliwe kila mwaka, kalsiamu ya chini ya muda mrefu inaleta mtoto wa jicho mapema.

NesiZamuYaUsiku

Nimefurahi mno kusikia mama yuko nyumbani. Langu ni la vitendo tu. Akitapika au kuharisha na dawa hazikai tumboni, msisubiri, rudini hospitali siku hiyo kwa sababu hana akiba, masaa machache tu yanatosha ganzi kuanza. Msikae mpaka vidonge viishe ndo mtafute, alfakalsidoli haipatikani kila duka la dawa, mkibakiza za wiki mbili anzeni kuulizia. Na andikeni kikaratasi akiweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho, kwamba ametolewa thairoidi na parathairoidi zake hazifanyi kazi, anatumia dawa hizi na hizi, ili akianguka njiani wamchukue damu ya kalsiamu kabla hawajamwanzishia dawa za kifafa.